Mzee Aliyechunga Waogeleaji

Njia ya haraka ya kumkasirisha ilikuwa kumwuliza tuko wangapi. Alikuwa akigeuza uso, akitema tumbaku yake majini, kisha akijibu, "Watu si mahindi." Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Nahodha wetu, aliyependa kuhesabu kila kitu, madumu ya petroli, jaketi za kuelea, chupa za maji, alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa.

Tulimwita Mzee wa Mluzi. Jina alilopewa na wazazi wake nilikuwa nalijua, lakini hakupenda litajwe karibu na ziwa, na sitalitaja hapa. Kuhusu alikotoka sina la kusema. Wengine walidai ni mtu wa Nakalale, wengine wa Lorugum, na yeye akiulizwa alinyoosha kidevu upande wowote uliokuwa mbele yake. Ninachoweza kuandika ni yale niliyoyaona katika miaka tuliyofanya kazi pamoja, mimi nikiwa mwenye boti na yeye akiwa mwangalizi wa maji.

Kazi yenyewe nieleze kidogo. Wageni hukodi boti nzima kwa nusu siku. Nawachukua Lodwar kukiwa bado na baridi, kama kile kitu cha Lodwar kinaweza kuitwa baridi, tunateremka hadi ufukweni Kalokol, tunanywa chai huku upepo wa asubuhi ukijichosha, halafu tunavuka kwenda kisiwani. Huko wanaogelea, wanavaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia wakitazama samaki, wanazunguka mawe yaliyojitenga na kisiwa, wanakula, tunarudi. Ni kazi nyepesi, isipokuwa kwamba ziwa letu lina mamba. Wengi wao hawana haja na mtu, lakini huwezi kumweleza mgeni aliye ndani ya maji neno "wengi." Kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kusimama na kuangalia, hapigi picha, hali, hapigi hadithi. Mtu mwingine angetafuta mwenye bunduki. Mimi niliajiri mfugaji.

Nilimpata ufukweni. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo yake, naye akawa amekuja kukaa kwa jamaa zake wavuvi, jambo ambalo kwa mtu wa aina yake ni kama kuhamia gerezani. Siku hiyo alikuwa amesimama juu ya boti iliyopinduliwa, akawapigia mluzi watoto waliokuwa wakiogelea, mluzi wa vidole viwili mdomoni, mrefu, unaokwaruza sikio. Watoto wakatoka mbio. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akawapungia mkono warudi. Nilimwuliza kama alikuwa ameona mamba. Akasema hapana, alitaka tu kujua kama wanasikia. Nikamwajiri siku hiyohiyo, na nahodha akanuna kwa wiki nzima.

Alikaa mbele kabisa ya boti, ameipa mgongo safari, uso umeelekea kwetu. Alikalia ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa Kiturkana hukalia mchana na kukiweka chini ya kichwa wakilala. Kofia yake ilikuwa na unyoya wa mbuni, na ole wake mgeni aliyeugusa. Alikuwa na majivuno, nisimpambe. Mgeni akitoa kamera, yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha shingo, kisha akijifanya amekerwa.

Na alikuwa akiliogopa ziwa. Hilo lilinichukua muda kuliamini. Kwa miaka mingi sikumwona akilowesha kifundo cha mguu. Boti ikifika kisiwani alisubiri hadi ivutwe juu ya mchanga mkavu, ndipo akashuka, kigoda mkononi, kwa madaha ya mtu anayeshuka ndege. Samaki hakula hata siku moja. Tulikaanga ngege wabichi pale kisiwani, harufu ikamtoa mate hata mwenye homa, naye alikaa upande upepo unakotoka akitafuna mahindi ya kuchemsha. "Samaki ni ya mtu amekosa ng'ombe," alisema. Nilimkumbusha siku moja kwamba yeye naye hana ng'ombe. Hakunisemesha mpaka Lodwar, na nilijuta, maana barabara ile bila mtu wa kukusemesha ni ndefu.

Kwa upande wa mamba, hakuwa bora kama wageni walivyofikiri. Magogo mengi yamewahi kutufukuza majini. Tangu ziwa lipande na kumeza miti ya mikoma ya ufukweni, vigogo vyake vimekuwa vikielea ovyo, na kila kigogo kwake kilikuwa mamba hadi kijitetee. Nahodha alimcheka waziwazi.

"Mzee, hiyo ni gogo, wacha kuzingua wageni."

"Leo gogo," mzee alijibu. "Kesho hapana jua."

Kitu alichokijua vizuri hakikuwa mamba. Kilikuwa kundi. Wageni walipopanda boti asubuhi, alimkazia kila mmoja macho, bila aibu, juu mpaka chini, kama mtu anayenunua mbuzi sokoni. Halafu alimpa jina. Si jina la kuita, jina la kushika moyoni, na lilikuwa la rangi au pembe. Bega Jeupe. Mgongo wa Jivu. Pembe Imeanguka, huyo alikuwa mhasibu mmoja mrefu mwenye kofia iliyolegea. Mama mmoja wa shirika, mwenye madoadoa usoni, alikuwa Madoa ya Tumbo, na bahati nzuri hakuambiwa. Wakishaingia majini, mzee hakuwahesabu. Aliwapitisha kichwani, kundi zima, mpaka afike kwa ambaye hayuko. Akimkosa mmoja alisimama, na akisimama nahodha alizima utani wake.

Nilimwuliza kwa nini hataki kuhesabu. Alinieleza kwa uvivu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unachoma. Ukihesabu mbuzi unawaita wapungue. Tena namba haisemi ni nani aliyepotea, na ukishajua ni wangapi wamepotea bila kujua ni nani, utamwita kwa sauti gani? Sikukubaliana naye. Niliendelea kuhesabu kimyakimya, vidole vikiwa mfukoni, na nadhani alijua.

Nilimwuliza pia mimi ni nani katika kundi lake. Mgongo wa Jivu? Pembe Moja? Alicheka, na hilo lilikuwa nadra, meno mawili ya chini hayapo.

"Wewe hapana jina," alisema. "Jina ni ya mtu naweza potea. Mama Boti hapana potea. Wewe nakaa tu hapo na simu."

Nilicheka pia, ila iliniuma kidogo. Ilikuwa kweli kwamba nilikaa na simu. Nilikuwa nimechoka tayari miaka ile, na sasa nimechoka zaidi. Wageni wanapiga simu wiki nzima kuuliza kama maji ni ya buluu, kwa sababu wameona picha za bahari za mahali pengine. Nawaambia ni ya kijani. Wanauliza kama kuna samaki wa rangi. Nawaambia kuna ngege na mawe. Wanakuja hata hivyo, wafanyakazi wa mashirika kutoka Kakuma wenye siku mbili za kupumzika, makandarasi wa kule Lokichar enzi zile visima vya mafuta vilipokuwa na pilikapilika, wanatumbukia, wanameza maji, wanatema, wanasema yana ladha ya sabuni. Ndiyo, nasema. Jua linapiga, jaketi zinanuka jasho la watu wa juma lililopita, nahodha anadai petroli, mtu anauliza choo kiko wapi katikati ya ziwa. Mzee pekee ndiye hakuwahi kuniuliza kitu. Aliangalia maji tu, na mimi, nikimwangalia yeye akiangalia, nilipata kupumzika.

Ndiyo maana sikupenda kuona nilichoanza kukiona.

Kwanza ilikuwa chai. Aliimimina kando ya kikombe, akasema upepo. Kisha akaanza kugeuza kichwa upande kama kuku, akitumia jicho moja baada ya jingine. Siku moja alimpigia mluzi mwari, yule ndege mkubwa wa ziwani, aliyekuwa ametua juu ya jiwe, akimfokea atoke kwenye kina. Tulicheka, naye akacheka pamoja nasi, akadai alikuwa anamtania ndege. Nilipomwuliza unyoya wa yule ndege ulikuwa rangi gani alinijibu kwa hasira kwamba ndege ni wa Mungu, rangi yake inanihusu nini.

Wakati huohuo alileta sheria mpya. Waogeleaji lazima wapige kelele. Waongee, waimbe, wabishane, bora wasikike. Na akaongeza mluzi wa pili. Ule mrefu ulibaki na maana yake ya zamani: tokeni wote. Ule mpya ulikuwa mifupi miwili, na kila aliye majini alitakiwa kujibu, "Niko!" Wageni waliupenda. Waliuona ni mchezo. Ungesikia "Niko! Niko!" zikitoka pande zote za mawe, nyingine za Kizungu, nyingine za kicheko, na mzee ameinamisha kichwa anazipokea moja moja. Mimi niliyekuwa ndani ya boti sikuwa najibu. Sikuwa majini, na hakuwa ananiuliza.

Siku nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo ilitokea kipindi hicho. Kwaya ya Wakongo kutoka kambi ya Kakuma ilipata kibali cha kuja kuimba katika kanisa moja la Lodwar, na mtu mwema wa kanisa hilo akawakodia boti kwa nusu siku kabla hawajarudi. Kupata ruhusa ya kutoka kambini si mchezo. Walikuwa wameisubiri muda mrefu na walivaa vizuri kana kwamba ziwa lingewakagua. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kupasua bati, alizaliwa Uvira, kando ya ziwa Tanganyika. Alipoona maji alisimama kwanza.

"Mama," aliniambia mwishowe, "sisi batu ya Uvira tulizaliwa ku maji. Miaka yote hii niko naoga na kopo."

Mzee alimwambia waimbe wakiingia. Hakuhitaji kusema mara mbili. Waliingia na nguo zao, wanaume kwa wanawake, wakaogelea kama watu waliorudi nyumbani, na wimbo ukaenda nao kuzunguka kisiwa. Hakuna aliyetaka miwani. Nahodha alizima hata redio yake. Mzee alikaa juu ya kigoda, amefumba macho kabisa, na mimi nilidhani anafurahia. Ghafla akasimama.

"Ile sauti ya chini iko wapi? Ile ya dume kubwa?"

Mimi sikuwa nimesikia tofauti yoyote. Mzee akapiga mifupi miwili. "Niko" zikaja, lakini ile ya chini haikuja. Nahodha akazungusha boti nyuma ya mawe, na huko tukamkuta mwimbaji wa sauti ya nne amekaa juu ya jiwe, miguu majini, analia. Hakuwa amezama, hakuwa ameumwa na kitu. Alikuwa tu hajaona ziwa tangu alikimbie la kwao. Mama kiongozi alimwendea akiogelea, akakaa naye, na hatukuwaharakisha. Mzee alirudi kukaa. "Huyo yuko," alisema, akaridhika.

Jioni ile nilijua. Mtu mwenye macho hamtafuti mtu kwa sauti. Nilijiambia nitazungumza naye, halafu nikamweka nahodha aangalie pia, rasmi, macho mawili mazima upande wa pili wa boti. Mzee hakuuliza kwa nini. Hilo nalo lilikuwa jibu.

Asubuhi ya safari yake ya mwisho alikanyaga maji. Alikuwa anaelekea kwenye boti, akaelekea pembeni kidogo, na mguu wake ukaingia ziwani mpaka kwenye goti. Aliruka kama aliyeungua. Nilimshika mkono, na kwa mara ya kwanza hakuuondoa.

"Tukirudi leo tutaongea, mzee," nilimwambia.

"Taongea," alisema. "Kwanza peleka watu."

Watu wenyewe walikuwa marafiki wanne kutoka shirika moja la Kakuma, wawili wanaume na wawili wanawake, wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, bwana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Walikuja na vifaa vyao wenyewe, miwani mikubwa inayofunika uso mzima hadi kidevuni, mrija umejengewa ndani. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Wote wanne, wakishavaa, walikuwa sura moja. Mzee aliwakazia macho kwa muda mrefu mno pale ufukweni. Sikusikia akimpa mtu jina.

Tulifika kisiwani maji yametulia. Wakatumbukia kimya, wakalala kifudifudi, na wakaanza kuelea taratibu kando ya mawe, mirija juu, nyuso chini. Nahodha alikuwa akiwaangalia, mimi pia nilikuwa nawaangalia, na nasema kwa dhati kwamba hakukuwa na mamba popote. Palikuwa pazuri. Mtu mwingine angesema ndiyo safari kamili aliyoilipia.

"Ambia wao waimbe," mzee alisema.

"Hawawezi, mzee. Mdomo umefungwa."

Akapiga mifupi miwili. Hakuna aliyejibu, masikio yalikuwa ndani ya maji. Akapiga tena. Nilimwona akigeuza kichwa kushoto, kulia, jicho hili, jicho lile. Mikono yake ilikuwa imeshika magoti. Nahodha akamwambia kwa upole, upole ambao hakuwahi kumwonyesha kabla, "Mzee, tulia, mi nawaona. Wako wanne, wote poa."

"Sema nani," mzee akasema. "Sema moja moja."

Nahodha akaitazama ile miwani minne. Angeweza kusema wanne. Hangeweza kusema nani.

Mzee akasimama, akaingiza vidole mdomoni, na akapiga ule mrefu. Nimeusikia mara nyingi ule mluzi, lakini siku ile aliupiga hadi pumzi ikamwisha, na nahodha akafanya alichofundishwa kufanya akiusikia, akapiga boti makofi kwa kasia. Hiyo waliisikia. Vichwa vikainuka, mtu akapiga yowe, wakaja wanne kwa vurugu, mmoja akachunika goti kwenye jiwe, miwani ikaenda upande. Tuliwavuta juu.

"Yuko wapi?" yule mwenye ndevu akauliza. "Mamba yuko wapi?"

Mzee alikuwa bado amesimama. Alisubiri mpaka kila mmoja avue kile kitu usoni, na akawasikiliza wakihema.

"Mamba sijui kama iko," alisema. "Mimi sioni. Macho imeisha."

Kisha yule bwana alilipuka, na simlaumu, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Alisema tumehatarisha maisha yao. Alisema ataandika kuhusu sisi kila mahali panapoandikika. Mmoja wa wale wanawake, aliyekuwa akifunga goti lake kwa kitambaa, alimwambia anyamaze, mtu huyu angeweza kukaa kimya na tusingejua kamwe. Bwana hakunyamaza. Tulirudi mapema, jua bado kali, na mzee akakaa mahali pake pa kila siku, uso kwetu. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini macho yale yalikuwa yakitoka machozi kila siku kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo sijui. Mimi nililia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumwondoa kwa maneno mazuri, naye alikuwa amejiondoa mbele ya watu, kwa mluzi uleule aliokuja nao.

Nilimpeleka kwa wataalamu wa macho Lodwar. Walikuwa wapole. Walisema kope zimejikunja ndani na kukwangua jicho miaka mingi, ni ugonjwa wa huku kwetu, vumbi na inzi na maji machache. Wangeweza kunyoosha kope ili asiumie. Kuona hakungerudi. Mzee aliuliza kama wana uhakika, wakasema ndiyo, akashukuru, akavaa kofia yake na unyoya wake. Binti yake alikuja kumchukua. Huyo binti anaishi Kakuma, anauza makaa kwa watu wa kambi. Mzee alipanda gari amekumbatia kigoda, na alinyoosha kidevu upande uliokuwa mbele yake, akaenda.

Safari ziliendelea. Yule bwana aliandika kweli, tukakosa wageni kwa muda, kisha wakarudi, watu husahau. Nahodha alinunua kipaza sauti cha betri. Anahesabu watu wakiingia na anahesabu wakitoka, kwa sauti, na hajawahi kukosea. Mimi sasa siwezi kukaa na simu. Nasimama mbele, pale alipokuwa akikaa, natazama maji hadi macho yaniwashe, na jioni nikirudi Lodwar sitaki kusikia hata mtu akikoroga chai.

Nilimwona tena Jumapili moja. Nilikuwa nimepeleka mzigo Kakuma, na mama kiongozi wa kwaya, ambaye tumebaki tukipigiana simu, alisisitiza nipite kanisani kwao kambini. Nilichelewa. Kanisa lile limezungushwa bati, na kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nje, mzee wangu alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, mgongo umegusa bati, na wimbo unapita ndani yake. Huyu ndiye aliyekuwa akisema kanisa ni la watu waliomaliza kazi.

Nilisimama hatua kadhaa mbali. Sikuwa na nguvu za kusalimia, niseme ukweli. Nilitaka tu kusimama.

"Nani ananyamaza hapo?" akauliza.

"Ejok, mzee," nikamsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi!" Uso ukafunguka. "Mama Boti. Wewe napumua kama mtu nabeba boti kwa kichwa."

Nilikaa chini, mavumbini, kando yake. Aliuliza habari za nahodha, kama bado anahesabu. Nikasema anahesabu. Akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli, kama nimemwambia mtu ni mgonjwa. Aliuliza kama ziwa bado linapanda. Hakuuliza kuhusu mamba.

Ibada ilipokwisha mama kiongozi akatoka, jasho linamtiririka, akanikumbatia. Kisha akamgeukia yeye, na nikaona kwamba hili walikuwa wamezoea.

"Haya Papa, leo nani?"

"Ile msichana ya sauti nyembamba," mzee alisema. "Na dume kubwa hapana imba mwisho. Naanza, halafu naacha."

"Msichana iko na malaria, nilimuona asubuhi," mama akasema. "Ile ya bwana sikujua. Nitaenda kwake saa hii." Akanieleza, huku akijipepea kwa kitambaa, kwamba mzee huja kila Jumapili, mjukuu humleta na kumwacha. Kambini watu wanapungua bila kuaga. Mmoja amehamishiwa makazi ya Kalobeyei, mwingine amepata ndege ya ng'ambo, mwingine amelala tu ndani na hataki kuamka. "Sisi tuko bengi, Mama. Hatuone nani anaanguka. Ye anasikia." Akaondoka haraka, viatu mkononi, kumtafuta mwimbaji wake.

Nilibaki na mzee kidogo. Nilitaka kumwambia kwamba tunamkosa, na nikamwambia. Alisema "Ee." Nilitaka kumwambia nimefikiria kuuza boti, kwamba kuna asubuhi nakaa ndani ya gari pale Lodwar nimewasha injini na siwezi kutia gia. Hilo sikulisema. Nilisema tu njia ni ndefu, lazima niende kabla jua halijaanguka.

Niliinuka, nikajipangusa vumbi, nikapita katikati ya watu waliokuwa wakitoka kanisani, Wakongo, Warundi, akina mama wa Sudan Kusini na watoto wao, wote wakisalimiana kwa lugha zao kwa sauti kubwa. Gari lilikuwa upande wa pili. Nilikuwa nimeshika mlango niliposikia nyuma yangu, juu ya kelele zote zile, mluzi. Mfupi. Mfupi tena.

Watu waligeuka kutazama. Mzee alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, uso umeelekea mahali ambapo sikuwa. Alisubiri. Hakuwa amewahi kunipigia mimi mluzi ule.

"Niko," nilisema, lakini haikutoka. Nikajaribu tena, kwa nguvu. "Niko!"

Uso wake ukageuka, ukanipata. Akabaki hivyo kidogo, ameinamisha kichwa.

"Haya," akasema, akakaa. "Enda."